Mabomba ya milimita 914 yaliyokataa kuungana: uchambuzi wa kisa cha Lubumbashi

Agizo lilikuwa na mstari mmoja kuhusu mabomba yenyewe: bomba la chuma lililochomelewa, daraja la nguvu ya chuma X52, kipenyo cha nje milimita 914, unene milimita 9.5, urefu mita 12. Kwa mstari huo bei zilipatikana, mkataba ukasainiwa na malori yakavuka mpaka wa Kasumbalesa. Shida ilijitokeza mtaroni, mabomba mawili ya kwanza yalipowekwa ncha kwa ncha.

Kazi ilikuwa ya kawaida kwa ukanda huu wa shaba: kuvuta maji ghafi kutoka mtoni hadi kiwanda cha kuchakata madini upande wa barabara ya Likasi, bomba lizikwe kwenye udongo mwekundu, shinikizo la kazi liwe baa 16. Wahusika nitawaita kwa kazi zao: mwenye mradi, mkandarasi na mzabuni. Msomaji atafaidika na vipimo vyao, si na majina.

Aliyesimamisha kazi ni kiongozi wa wachomeleaji, mzee aliyejifunza ufundi katika karakana za mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, na ambaye shantie nzima, yaani eneo lote la kazi, humwita Papa. Alizungusha bomba moja kwa kreni, akalizungusha tena, kisha akamwambia injinia wa mkandarasi: “Shefu, hizi tiyo mbili haziko ndugu.” Upande mmoja kuta zilikutana sawasawa. Robo mzunguko mbele yake, ukuta wa bomba moja ulipanda juu ya mwenzake kwa karibu unene wake wote.

Kabla ya jua kuzama kulikuwa na maelezo matatu yanayogombana. Mzabuni alisema ni barabara na minyororo ya malori. Injinia wa mkandarasi alisema mabomba ya mshono wa kuzunguka ni ya bei ya chini, yarudishwe yote, yaletwe ya mshono ulionyooka. Mwakilishi wa mwenye mradi, ambaye mvua za Novemba zilikuwa zinamkaribia, alitaka kabari na nyundo zitumike mpaka bomba likubali. Niliitwa nikague na kuandika maoni, na naona kila mmoja wa watatu alikuwa ameshika kipande cha ukweli. Ili kuonyesha ni kipande gani, lazima kwanza nieleze jinsi chuma bapa kinavyogeuzwa kuwa bomba kubwa.

Chuma bapa kuwa duara

Hadi kama inchi 24, yaani milimita 610, kiwanda kinaweza kukunja ukanda wa chuma kwa urefu wake na kuunganisha kingo kwa umeme wa masafa ya juu, bila waya wa kuongeza chuma. Bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Tanga, lenye kilomita 1443, ni la inchi 24, kwa hiyo liko karibu kabisa na ukingo wa njia hiyo. Milimita 914 ni inchi 36. Hapo kinachotumika ni tao la umeme linalowaka chini ya unga wa kuchomelea: waya unayeyuka ndani ya rundo la unga, mwanga hauonekani, mshono mmoja unapigwa kwa ndani na mwingine kwa nje mpaka ikutane katikati ya unene. Uchomeleaji huo unafanana karibu kila kiwanda. Viwanda vinatofautiana katika namna ya kukunja.

Njia ya kwanza huanza na pleti nzima, yaani bamba la chuma. Kingo zake hukunjwa kidogo, pleti hukandamizwa ikawa U, halafu hufungwa ikawa O kwa mtambo wa nguvu ya makumi ya maelfu ya tani. Baada ya kuchomelewa, bomba hupanuliwa kutoka ndani kwa kichwa chenye vipande vya chuma vinavyofunguka, kwa kiasi cha karibu asilimia 1 ya kipenyo. Hatua hii ya mwisho ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Chuma kinavutwa kupita kikomo chake cha kunyumbuka pande zote kwa wakati mmoja, kwa hiyo sehemu kubwa ya ukaidi wa kukunjwa, yaani mvuto uliobaki ndani ya chuma, inafutika, na kila bomba linatoka na mzingo ule ule kama la kabla yake. Tatizo ni gharama. Kila kipenyo kinadai vyombo vyake vya kukandamizia, na hakuna kiwanda kitakachovibadilisha kwa furaha kwa ajili ya mabomba mia chache.

Uwezo huu umewahi kuwa silaha ya siasa. Mwishoni mwa mwaka 1962 nchi za NATO zilipendekeza mabomba makubwa yasiuzwe Umoja wa Kisovieti, na serikali ya Konrad Adenauer ikavizuia viwanda vya Ujerumani Magharibi kutimiza mikataba iliyokwisha kusainiwa. Machi 1963 wafanyakazi wa kiwanda cha Chelyabinsk walitoa bomba lao la kwanza la milimita 1020, wakaandika juu yake kwa chaki: “Bomba kwako, Adenauer!”. Nakumbuka habari hii kila ninapoona pleti ya Lubumbashi ikishushwa kutoka kwenye lori lililotoka Durban au Dar es Salaam. Sisi tuna shaba. Pleti pana tunazisubiri zivuke mipaka.

Njia ya pili nayo hutumia pleti, ila mtambo unabonyeza ukanda mmoja baada ya mwingine kutoka kwenye kingo kuelekea katikati: nusu ya kwanza inafanya umbo la J, kisha C, mwishoni O iliyo wazi kidogo juu. Ni ya polepole, lakini inabadilisha kipenyo kwa urahisi, na bomba lake nalo hupanuliwa.

Njia ya tatu ni ya karakana: rola tatu, pleti inapita katikati yake huku na huku mpaka ijikunje. Lubumbashi ina karakana zinazofanya hivyo kwa matangi na mabomba ya vumbi, na zinafanya vizuri. Lakini rola haziwezi kushika ukingo wa mwisho wa pleti. Kingo zisipokunjwa kabla, zinabaki bapa, na zikikutana zinafanya kilele pale penye mshono. Tena urefu wa rola ndio urefu wa kipande, kwa hiyo bomba la mita 12 linaundwa kwa kuunga vipande vifupi.

Njia ya nne ndiyo iliyokuwa inashutumiwa. Koili ya chuma, yaani ukanda mrefu uliozungushwa kama roli, inafunguliwa na kuingizwa kwenye mtambo kwa pembe, ikazunguka kama bendeji mguuni, na mshono unalizunguka bomba tangu mwanzo hadi mwisho. Uzuri wake ni kwamba koili ya upana mmoja inatoa vipenyo vingi: badilisha pembe, umebadilisha kipenyo. Kwa koili ya milimita 1500 na bomba la 914, mzingo ni milimita 2871, na kila mita ya bomba inabeba mita 1.9 za mshono. Anayeogopa mshono atasema huo ni mshono mwingi. Ni kweli, na kila sentimita ya ziada lazima ikaguliwe. Lakini mshono huo umelala. Ndani ya bomba lenye maji, chuma kinavutwa kwa mzunguko mara mbili ya kinavyovutwa kwa urefu. Mshono ulionyooka hupokea mvuto wote wa mzunguko, ilhali mshono wa kuzunguka kwa pembe hii hupokea asilimia 64 hivi. Kusema kwamba bomba la namna hii ni dhaifu kwa sababu ya umbo la mshono wake si sahihi.

Lina udhaifu mwingine, ambao ni wa kweli. Bomba la kuzunguka kwa kawaida halipanuliwi. Ukaidi wa kukunjwa unabaki ndani ya ukuta, na usahihi wa kipenyo unategemea jinsi fundi wa mtambo alivyorekebisha pembe siku hiyo.

Utepe, kigezo na pete

Tulianza kwa utepe wa chuma kuzunguka ncha za mabomba. Utepe haudanganywi na umbo la yai: bomba likibonyea, mzingo unabaki ule ule. Kwa kipenyo cha 914 mzingo unapaswa kuwa milimita 2871.4. Kiwango cha API 5L, kanuni ya Marekani ya mabomba ya chuma, kinaruhusu ncha ya bomba la ukubwa huu kupungua au kuzidi milimita 1.6 ya kipenyo, sawa na milimita 5 za mzingo.

Mabomba ya mshono wa kuzunguka yalikuwa kati ya 2868 na 2874. Yote yamo ndani. Yale ya mshono ulionyooka, ambayo injinia wa mkandarasi alitaka yaletwe zaidi, yalikuwa kati ya 2881 na 2884.

Kila mtu pale alikuwa ameiona mishono ya aina mbili tangu siku ya kupokea mzigo. Mtunza ghala aliyaandika yote “914” kwa sababu hati ya mzigo ilisema 914, na agizo halikumpa sababu ya kuyatenganisha. Mzabuni alipoulizwa alikiri kwamba koili ziliisha kabla ya idadi kutimia, naye akajazia pengo kwa mabomba ya karakana. Undugu ambao Papa aliukataa kwa macho ulikataliwa pia na utepe.

Tulikata kigezo cha mbao chenye upinde wa bomba, tukakiweka juu ya mshono ulionyooka. Kilisimama kwenye kilele, na pembeni pakabaki uwazi wa milimita 5 hivi. Kwa hiyo kingo hazikukunjwa kabla. Kila bomba la aina hii lilikuwa vipande vinne vya mita 3, na cheti cha chuma hakikuwepo. Yale ya kuzunguka yalikuwa na vyeti vyenye namba za myeyusho (za chuma kilichoyeyushwa pamoja) zinazolingana na namba zilizopigwa kwenye ukuta.

Umbo la yai lilikuwa kesi nyingine. Tulipima vipenyo vinne kila ncha na kutoa kidogo kabisa kutoka kwa kikubwa kabisa. Mabomba ya safu ya juu ya malori yalitofautiana milimita 4 au 5. Ya safu ya chini yalifika 14, na kwenye baadhi alama za mnyororo zilionekana wazi. Tuliyalaza juu ya vilima vya mchanga kwa siku kadhaa. Mengi yalirudi, machache hayakurudi. Hapa mzabuni alisema kweli: hii ilikuwa barabara. Bomba la namna hii linalijaza lori kwa hewa kabla halijalijaza kwa uzito, na msafirishaji anashawishika kupanga safu ya tatu. Vitegemezi vya mbao ndani ya ncha vingezuia sehemu kubwa ya hasara, lakini hakuna aliyeviagiza.

Tulibakiwa na swali moja lililomsumbua sana mkandarasi: kwa nini mabomba ya kuzunguka yanapokatwa shantieni ili kutengeneza kona, ncha mpya inaruka na kuharibika umbo? Tulikata pete fupi, tukaipasua upande usio na mshono. Pete ilifunguka milimita 60 hivi. Kwa ukuta wa 9.5 huo ni mvuto wa kupinda wa kama MPa 47 (megapaskali, kipimo cha mvuto ndani ya chuma) uliokuwa umefungwa ndani ya chuma tangu kiwandani. Si kiwango cha kutisha kwa chuma cha X52, chenye kikomo cha MPa 360. Kinatosha kuharibu ncha iliyokatwa.

Hesabu iliyomaliza ubishi

Tofauti ya mzingo wa milimita 12 kati ya aina mbili ni milimita 3.8 za kipenyo, yaani 1.9 kila upande. Hiyo peke yake inavumilika: API 1104, kiwango cha uchomeleaji wa mabomba, inataka kuta za unene mmoja zisipishane zaidi ya milimita 3. Sasa ongeza umbo la yai la milimita 14. Kila ncha inatoka nje ya duara milimita 3.5, na yai moja likilala huku jingine likisimama, tofauti inakuwa 7. Jumla ni 8.9, kwenye ukuta wa 9.5. Hivyo ndivyo Papa alivyouona ukuta mmoja karibu ukiruka juu ya mwingine.

Tuliyapata hayo kwa kujumlisha makosa mawili ambayo, kila moja likiwa peke yake, lisingefikia ukubwa huo. Kwa sababu hiyo maelezo yale matatu yalishindana sana: kila mmoja aliweza kuonyesha bomba lililomuunga mkono.

Kiwango chenyewe hakikuweza kutusaidia kwenye umbo la yai. API 5L inaweka mipaka pale kipenyo kinapogawanywa kwa unene na kutoa 75 au chini. Zaidi ya hapo inaliacha jambo kwa makubaliano ya mnunuzi na mtengenezaji. Gawa 914 kwa 9.5 upate 96. Mnunuzi hakukubaliana na mtu juu ya lolote, kwa hiyo hapakuwa na namba ya kumshika mzabuni. Nimeona mikataba mingi inayoandika “kwa mujibu wa API 5L” na kufunga mjadala. Kwa mabomba membamba ya maji, mjadala unaanza hapo.

Je, yarudishwe yote? Kwa baa 16, mvuto wa mzunguko kwenye ukuta ni shinikizo mara kipenyo, gawa kwa unene mara mbili: MPa 77. Pampu ikizimika ghafla na pigo la maji likaongeza shinikizo mara mbili, ni MPa 154. Chuma cha X52 kinafika kikomo chake cha kunyumbuka kwenye 360. Hata yale ya karakana yasiyo na cheti, ukiyahesabu kama chuma cha kawaida cha MPa 235, yanabaki chini ya kikomo. Mradi huu haukuwahi kuhitaji mabomba ya U na O yaliyopanuliwa. Kuyaagiza kungekuwa kulipia ubora ambao maji ya mto hayauombi, na kusubiri meli wakati mvua inaanza.

Kabari na nyundo nilizipinga kwa nguvu zangu zote, na bado nazipinga. Ncha inayolazimishwa inaonekana imenyooka mpaka mchomeleaji apige mstari wa kwanza. Baada ya hapo bomba linavuta kurudi kwenye umbo lake, na kinacholizuia ni uzi mwembamba wa chuma uliotoka kuyeyuka. Nyufa za mzizi, yaani za mstari huo wa kwanza wa mshono, huzaliwa hapo. Tena vipande vya kushikia kabari huchomelewa ukutani na kung'olewa, vikiacha vidonda ambavyo mtu mwenye haraka hatavisaga.

Kilichofanyika

Mabomba yalitengwa. Ya kuzunguka yalipewa sehemu ya karibu na pampu na kona zote muhimu. Ya karakana yalikatwa sampuli, kemia ya chuma na nguvu ya mshono vikapimwa, na yaliyofaulu yakawekwa pamoja mwishoni mwa njia ambako shinikizo ni dogo, yakikutana na ya kuzunguka mahali pamoja tu, kwa kipande kifupi kilichotengenezwa kwa makusudi. Yenye kilele kibaya hayakuingia mtaroni.

Kila ncha iliandikwa mzingo wake kwa rangi, na vijana wa Papa wakayapanga mabomba kwa jozi zinazokaribiana. Ni kazi ya utepe na subira, na iliondoa zaidi ya nusu ya ugomvi kabla ya bageti, yaani fimbo ya kuchomelea, ya kwanza kuwaka. Umbo la yai lililobaki lilinyooshwa kwa kibano cha ndani chenye jaki, ambacho kinasukuma pande zote kwa pamoja na hakiachi kidonda. Mishono ya mabomba jirani ilizungushwa isikutane mahali pamoja, na pale ambapo mshono wa bomba unagonga mshono wa kiungo, eksirei ilikuwa ya lazima.

Bomba la 914 lina faida moja: mtu anaingia. Mzizi wa kila kiungo ulichomelewa pia kwa ndani, na makosa mengi madogo ya mpishano yalipata tiba hapo. Faida hiyo ina hatari yake, na hapa nasihi kwa moyo wote. Moshi wa kuchomelea ndani ya bomba hauna pa kwenda. Feni ya kuvuta hewa, kamba kiunoni na mtu mdomoni mwa bomba asiyefanya kazi nyingine yoyote ni masharti ya kazi hiyo, na kijana asiyevipewa ana haki ya kukataa kuingia.

Jaribio la maji lilifanywa kwa baa 24, mara moja na nusu ya shinikizo la kazi. Kila kilomita ilimeza kama mita za ujazo 630, na maji yalitolewa mto ule ule. Palipovuja ni gasketi ya flanji. Viungo vya kuchomelewa vilishika.

Kwa awamu ya pili ya njia hiyo, mstari mmoja wa agizo umekuwa ukurasa. Unataja njia ya kukunja inayokubalika, ya kuzunguka ikiwemo, na unakataza kuchanganya njia mbili katika mzigo mmoja bila idhini ya maandishi. Unadai mzingo wa ncha uandikwe kwenye kila bomba, unaweka kikomo cha umbo la yai kwa milimita kwa kuwa kiwango kimeliacha wazi, na unataka jaribio la pete kwa kila kundi la koili. Unaagiza vitegemezi ndani ya ncha na safu mbili tu kwenye lori. Nani alipie urekebishaji wa awamu ya kwanza bado kunabishaniwa, na hoja ya mzabuni si dhaifu: alichokifanya, agizo lile halikumkataza.